Acheni kufuta makala za kampuni za teknolojia eti "zilishakufa"!

Wakuu, hili limezidi. Makala ya kampuni iliyofungwa inaletwa kwenye mjadala wa ufutaji, Wikipedia ya Kiingereza, na dakika tano hazijapita mtu keshaandika: "Futa, haipo tena, tovuti haifunguki." Hiyo si hoja! Umaarufu, yaani kuandikwa vya kutosha na vyanzo huru hadi kustahili makala, ukishathibitika hauishi muda kama bando.

Chukueni Africa Online, kampuni ya huduma ya intaneti. Ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, enzi za intaneti ya laini ya simu, na 2007 ikanunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini. Kampuni ya miaka ile iliandikwa kwenye magazeti ya karatasi. Gazeti la karatasi ni chanzo halali kabisa: taja gazeti, mwandishi, kichwa cha habari, tarehe na ukurasa. Hakuna sharti la linki. Lakini mtu anaingia Google, anaangalia matokeo ya ukurasa wa kwanza, anatangaza "hakuna vyanzo".

Utafutaji unafanywa KABLA ya kubandika kigezo cha ufutaji (lile bango la juu ya makala linalosema ifutwe). Jina liweke ndani ya alama za nukuu, tarehe za matokeo kwanza ziishie mwaka mmoja kabla ya kampuni kufungwa, la sivyo utaletewa habari za kufilisika tu. Tafuta na jina la zamani pia, kampuni changa hubadili majina sana. Halafu ile anwani ya tovuti iliyokufa (nyingi siku hizi zimeshachukuliwa na watu wa kamari) iingize Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za tovuti, chagua nakala ya wakati kampuni iko hai, fungua ukurasa wake wa habari. Ukurasa huo wenyewe si ushahidi, ni kampuni inajisemea. Ila utakuonyesha gazeti gani liliandika na lini, na hapo ndipo unalifuata gazeti lenyewe.

Na nyie wa "Ibaki" mnaharibu vilevile. Mnamwaga linki kumi na tano, zote taarifa moja ya kampuni iliyonakiliwa neno kwa neno. Hiyo ni sifuri. Imepata mtaji, imefungua tawi, imeteua mkurugenzi: sifuri. Sendy, kampuni ya usafirishaji mizigo ya Nairobi, ilipata dola milioni 20 mwaka 2020, na habari hiyo peke yake haiokoi makala. Kinachobeba uzito ni mwandishi asiye na maslahi aliyekaa akachambua biashara ile iliendeshwaje na kwa nini ilifungwa 2023. Kila chanzo kinapimwa peke yake: kimeingia kwa kina, ni huru, kinaaminika, si cha mkono wa kwanza. Kikikosa kimoja, hakihesabiki, na vinavyofaulu lazima vizidi kimoja. Mahojiano ndiyo yanayowadanganya wengi. Kata maneno yote ya mwanzilishi, soma kilichobaki. Zikibaki aya za uchambuzi wa mwandishi, lete. Ikibaki "alisema" na "aliongeza", tupa.

Mjadala ni siku 7, unaweza kuongezwa, na mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) anayeufunga anapima hoja, hahesabu kura. Vyanzo visipotosha, ombeni makala ielekezwe kwenye ile ya kampuni iliyoinunua, yaani anayeifungua apelekwe huko badala ya makala kufutwa. Historia ya uhariri inabaki, na atakayepata gazeti mwakani anairudisha. Ikifutwa, wakabidhi tu ndio wanaoona kilichokuwemo.

Mwenye makala iliyoko mjadalani sasa hivi aweke jina hapa chini, na mwaka kampuni ilipofungwa, tuanze kutafuta.