Meseji ya kazi saa nne usiku: nani alipie?

Wakuu, salamu kutoka Tabora mjini.

Hoja hii ilianza Jumamosi iliyopita kwenye meza ya fundi simu karibu na soko kuu. Tulikuwa watu watano tunasubiri simu zetu, huyu kioo, yule betri, tukabishana mpaka fundi akaanza kufunga meza yake, na hatukuafikiana. Naileta hapa tuendelee nayo. Swali ni hili: mwajiri akikutumia kazi kwenye simu yako baada ya saa za kazi, ile ni kazi ya kulipwa au siyo?

Msimamo wangu nauweka mapema. Ni kazi, na gharama yake abebe aliyeituma.

Mimi ni mtu wa vifaa. Tangu darasa la sita nilikuwa nafungua redio za majirani, na mpaka leo simu mpya ikitoka lazima nijue ina chipu gani na betri yake inakaa saa ngapi. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu anachukia maendeleo. Mama yangu yuko Urambo, na sauti yake naisikia kila siku kwa WhatsApp kwa hela ambayo zamani isingenipa hata dakika mbili za kuongea. Hilo nalishukuru. Ninachobishia ni simu hiyohiyo kugeuzwa ofisi ambayo haifungwi, na kodi ya ofisi nalipa mimi.

Nafanya kazi ya stoo katika kampuni moja ya pembejeo. Ofisi inafungwa saa 11 jioni. Msimu uliopita wa mbolea, baba yangu mdogo alifariki, nikapewa ruhusa ya siku mbili, nikaenda msibani. Saa 4 usiku ikaingia meseji kwenye grupu la kazi: orodha ya mifuko yote iliyopo stoo, aina kwa aina, iwe mezani kabla ya saa 2 asubuhi. Faili limeambatanishwa, jina langu limetajwa. Pale kijijini mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Nikakaa hapo najaza visanduku kimoja kimoja kwa kidole, bando likaisha katikati, nikanunua jingine la shilingi 1,000, nikamaliza saa 5. Watu wamekaa kwenye moto wanamzungumzia marehemu, mimi nimejitenga nimeinamia mwanga wa simu. Hakuna aliyenisema. Asubuhi mama akaniuliza tu, "Mwanangu, hata jana?"

Na siyo usiku mmoja. Simu yangu ina nafasi ya GB 32. Grupu la kazi linaingiza picha kila siku: risiti, magari yanayopakiwa, magunia. Mwezi wa tatu simu ilijaa nikiwa katikati ya kupokea mzigo, bosi anataka picha ya mzigo saa hiyohiyo, nikafuta haraka kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Ilikuwa video ya binti yangu akitembea kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimeihifadhi popote pengine. Sasa niambieni, simu ile nilinunua kwa mshahara wangu, ni ya nani?

Hapo ndipo mzee mmoja jirani yangu, dereva wa treni mstaafu, aliponifungua macho. Mji wetu ni wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, na njia ya Mwanza inachipukia hapahapa kwetu. Mzee anasema enzi zao dereva akitakiwa usiku, ofisi ilimtuma mjumbe kwa baiskeli mpaka kota, na kitabu mkononi. Unagongewa mlango, unasaini, saa inaandikwa, na tangu dakika ile unahesabiwa uko kazini. Hebu tazameni gharama iliyokuwapo pale: mjumbe wa zamu anayelipwa, baiskeli, kitabu, saini. Kwa kuwa kumwamsha mtu kulikuwa na gharama, msimamizi alijiuliza kwanza kama kweli kuna haja.

Leo kwa bosi gharama hiyo imekwisha. Kidole kinagusa kioo, ujumbe umeondoka. Lakini haikupotea, imehamia kwa anayepokea: bando lake, chaji yake, usingizi wake, mke wake anayeuliza mbona husikilizi. Enzi za kubipu jambo hili tulilielewa wote. Ukimbipu mtu kwa shida yako, anakuuliza waziwazi: shida ni yako, kwa nini hela iwe yangu?

Kuna kitu kingine ambacho wasiofuatilia vifaa huwa hawakijui. WhatsApp ilianza 2009, lakini tiki za bluu zilikuja Novemba 2014. Kabla ya hapo aliyetuma alijua ujumbe umefika, hakujua kama umesomwa. Kwenye mazungumzo ya watu wawili unaweza kuzizima. Kwenye grupu huwezi. Aliyetuma akibonyeza ujumbe wake na kufungua taarifa zake, anaona orodha ya waliosoma, jina kwa jina, na saa. Bosi wangu anaitumia orodha hiyo kwenye kikao cha asubuhi: "Wewe uliona saa 4 na dakika 12, mbona kimya?" Kitu kilichotengenezwa ili marafiki wajue wamesomana kimekuwa daftari la mahudhurio la usiku. Tofauti na daftari la mjumbe wa reli ni kwamba hili halina malipo.

Jumamosi mmoja wetu alisema haya ni malalamiko tu, sheria haina neno. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Muda wa ziada uwe kwa makubaliano, na ulipwe si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Na inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Chukueni siku ya kawaida: mtu katoka ofisini saa 11 jioni, saa 4 usiku kaletewa kazi, kaimaliza saa 5, na saa 2 asubuhi anatakiwa awe ameripoti. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 9. Zile 12 ziko wapi?

Tuingie kwenye hela, maana wengi husema ni vitu vidogo. Mtu wa mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, ukigawanya kwa saa 45 za wiki, yaani kama saa 195 kwa mwezi, saa yake moja ni kama shilingi 2,000. Ya ziada ni 3,000. Akijibu meseji za kazi nusu saa tu kila usiku kwa siku 22, zinakuwa saa 11, yaani shilingi 33,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu laki nne, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima. Na hapo bando sijahesabu. Siku ya mapumziko ya wiki ndiyo zaidi, sheria inataka malipo ya mara mbili.

Sasa waliopinga, maana walikuwa na hoja za maana na sitaki kuzipunguza uzito.

Kijana mmoja, amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana ajira, alinitazama akasema: "Kaka, mimi nipewe hiyo kazi, hata saa 9 usiku nitajibu." Ilinichoma, na sikumjibu vizuri siku ile. Nimeifikiria wiki nzima. Jibu langu ni hili: mdogo wangu, kazi ninayoifanya usiku bure ni kazi ambayo kampuni ingeweza kumlipa mtu aifanye. Tuko watu wa stoo wawili, na shughuli ni ya watu watatu. Huyo wa tatu haajiriwi kwa sababu sisi wawili tunaijaza nafasi yake kwa simu zetu, usiku. Ukali wa ajira ndio unaotufanya tukubali, na kukubali kwetu kunazidi kuziba mlango wako.

Dada mmoja muuguzi naye akapinga kwa upande mwingine. Kwao ujumbe wa usiku ni uhai wa mtu: mama mjamzito anahitaji damu, mtaalamu yuko nyumbani, utasubiri kukuche? Hapa namkubalia moja kwa moja. Lakini aliendelea kueleza jinsi wanavyofanya, na maelezo yake yakanisaidia mimi zaidi. Kuna orodha ya zamu ya kuitwa. Leo ni fulani, kesho fulani. Asiye kwenye zamu analala, na aliye kwenye zamu anajua tangu asubuhi kwamba usiku wake si wake. Basi kama kazi za kuokoa maisha zimeweza kupangiwa zamu, mifuko ya mbolea inashindwaje?

Mwenye duka la jumla alisema yeye halali na hajawahi kumlilia mtu. Bidii yake naiheshimu, ila duka ni lake na faida ni yake.

Wa mwisho ndiye aliyenipa cha kufikiri. Anakaa Isevya, hapahapa mjini, anafanya kazi za kompyuta kwa wateja wa Marekani, na kwa sababu ya tofauti ya saa anafanya usiku. New York wako nyuma yetu saa 7 au 8 kutegemea majira, kwa hiyo asubuhi yao ni jioni yetu. Akasema: "Usiku siyo tatizo. Mimi usiku ndio mchana wangu." Nikamuuliza unalipwaje. Kwa saa, akasema, na kuna programu inayohesabu dakika. Mteja akitaka aongeze, anaongeza na hela. Wakuu, huyu anafanya kazi usiku kuliko sisi wote na hana malalamiko, kwa sababu kila dakika yake ina mwenyewe wa kuilipia. Kifaa ni kilekile, mtandao ni uleule, usiku ni uleule. Kilichotofautiana ni makubaliano.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli Ufaransa wameweka sheria tangu Januari 2017 kwamba kampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi ijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi, na Australia wameanza yao Agosti 2024. Lakini saa 12 za mapumziko hatukuziazima kwao. Ziko kwenye sheria yetu tangu 2004, miaka mitano kabla WhatsApp haijakuwapo. Kilichobaki ni kusema waziwazi kwamba kujaza faili chini ya mwembe nako ni kazi.

Nilitaka kwanza nipendekeze magrupu yafungwe jioni. Kitufe kipo, msimamizi wa grupu anaweza kuweka wasimamizi pekee waandike. Ila msimamizi ndiye bosi mwenyewe, kwa hiyo haisaidii. Kuweka simu kwenye hali ya usinisumbue nimejaribu pia. Kesho yake unaulizwa ulikuwa wapi.

Ninachopendekeza ni kirahisi zaidi. Baada ya saa 12 jioni, bosi asiandike, apige simu. Kupiga kunarudisha kidogo ile gharama ya mjumbe wa baiskeli: inabidi usikie sauti ya mtu, usikie mtoto analia nyuma yake au watu wanaimba msibani, useme kwa mdomo wako kwamba jambo hili haliwezi kungoja asubuhi. Naamini kwa moyo wote kwamba bosi wangu, ambaye si mtu mbaya, angesikia zile nyimbo usiku ule angesema pole na kukata. Na kila simu ya namna hiyo iandikwe kwenye fomu ya muda wa ziada, muda ilipoanza na kazi ilipoisha. Anayetaka watu wapatikane kila usiku awape laini ya ofisi na bando lake, na awapangie zamu.

Hilo la kuandika kwenye fomu nimeanza mwenyewe mwezi huu. Nina kurasa mbili tayari, tarehe na saa, na Ijumaa napeleka kwa mhasibu. Sijui nitajibiwa nini, nitawaletea.

Kwa sasa nataka kusikia hasa kutoka kwa walimu, maana naambiwa magrupu ya shule hayalali kabisa, na kutoka kwa nyinyi mnaosimamia watu. Kuna yeyote kati yenu ambaye kazini kwake grupu linanyamaza jioni? Utaratibu huo ulianzishwa na nani, wafanyakazi au mwajiri, na mlianzaje kuuongelea bila mtu kuonekana mkorofi?