Kisa adimu wodini: tujifunze nini, na tusijifunze nini?

Mwanagenzi_Wodi: Salaam wakuu. Kwenye vikao vya kujadili wagonjwa, kisa adimu ndicho kinachojaza ukumbi. Watu hutoka wamechangamka, lakini baada ya muda kinachobaki kichwani ni jina refu la ugonjwa tu. Wengine ndiyo kwanza wanaanza kuagiza kipimo chake kwa kila anayeingia. Kisa kama hicho kiendeshwe vipi ili kimfae mgonjwa ajaye, ambaye kwa vyovyote hatakuwa na ugonjwa ule? Na kina uzito gani kama ushahidi? Naomba mfano wa hatua kwa hatua.

Tabibu_Mzoefu: Mkuu, kinachoharibu vikao vingi ni kutaja jina la ugonjwa mwanzoni. Jibu likishajulikana, kila dalili huonekana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na hapo hakuna anayefikiri tena. Kata kisa vipande vinne au vitano, kwa mfuatano uleule ambao taarifa zilimfikia aliyekuwa zamu. Kila kipande, simamisha mjadala dakika 2, kila mtu aandike kwenye karatasi: magonjwa anayoyashuku, lipi kati ya hayo litaua likisubiri hadi kesho, na kipimo kimoja tu atakachoagiza pamoja na jibu litakalombadilisha mawazo. Karatasi ni lazima. Wakijibu kwa mdomo, wote watamfuata mkubwa aliyesema kwanza.

Chukua mkojo mweusi. Mwisho wa kisa ni alkaptonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mkojo huweza kugeuka mweusi ukikaa, unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 250,000 hadi 1,000,000. Wengi ukumbini hawataukuta maisha yao yote. Lakini njia ya kuufikia wataipita mara nyingi: je, mkojo ulitoka ukiwa mweusi, au ulitoka na rangi ya kawaida ukageuka ulipokaa? Anatumia metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, ambayo nayo huweza kuutia weusi? Ana homa, maumivu makali ya misuli, macho ya manjano?

Maabara_Kwanza: Naongezea upande wa benchi, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu, usiandike "damu" ukaishia hapo. Kijiti hicho hakitofautishi chembe nyekundu za damu, himoglobini (rangi nyekundu ya chembe hizo) iliyo huru, na mayoglobini, protini inayofanana nayo itokayo kwenye misuli. Zungusha mkojo kwenye mashine ya kutenganisha, tazama mashapo kwa hadubini. Chembe nyekundu tele: anavuja damu kwenye njia ya mkojo. Zisipoonekana, chukua damu ya mgonjwa, izungushe, utazame plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki juu, kwa macho tu. Ikiwa ya waridi, chembe zinapasuka ndani ya mishipa. Ikiwa safi, shuku misuli na upime CK, kimeng'enya kinachomwagika misuli ikiumia. Angalizo: damu ikichukuliwa kwa kuvutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, chembe hupasuka ndani ya bomba na plazma inakuwa ya waridi bila ugonjwa wowote. Rudia kabla ya kutoa hukumu.

Kwa alkaptonuria kijiti husema hakuna damu wala sukari, ila kipimo cha Benedict, kile cha zamani cha sukari, hutoa mashapo, kwa sababu asidi ya homojentisiki inayojaa kwenye mkojo wa ugonjwa huu ina tabia ya kemikali inayofanana na ya sukari kwenye kipimo hicho. Vipimo viwili vikigongana namna hiyo, usitupe kimoja. Uliza kila kimoja kinapima nini hasa.

Hesabu_Tiba: Kuhusu kuagiza kipimo kwa kila mtu: ugonjwa unampata 1 kati ya 100,000, kipimo kinakosea asilimia 1 tu kwa wasio nao. Pima watu 100,000 na utapata karibu 1,000 wenye majibu ya uongo na mmoja wa kweli. Kisa kimoja kinakuonyesha kwamba jambo linaweza kutokea. Hakikwambii linatokea mara ngapi.

Msoma_Ramani: Kweli, ila kisa kinaweza kuwa mlango. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baadaye, katika mji wa Jinja, akamwona mwingine wa namna hiyohiyo. Hapo akafungua mafaili ya zamani, akatuma picha na maswali hospitali nyingine, akachora ramani. Uvimbe huo, ambao ni saratani, ulikuwa haba sehemu za juu zenye baridi na sehemu kavu. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi kwenye seli za uvimbe huo. Mtoto wa kwanza peke yake asingethibitisha lolote. Faida ilianzia pale swali lilipopelekwa kwenye mafaili.

Nesi_Kiongozi: Tafadhali msisahau mwenye kisa. Kadiri kilivyo adimu ndivyo anavyotambulika kirahisi. Kumfunika macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Toa kijiji, tarehe kamili na kazi isiyo ya kawaida, na kagua kona za eksirei, jina huwa limechapwa humo. Idhini ya kuchapisha iwe ya maandishi, tofauti na ile ya matibabu, na asisainishwe akiwa na maumivu. Mwongozo wa CARE wa 2013, wa kuandika ripoti za visa, unataka pia maoni ya mgonjwa mwenyewe yawemo, na ndiyo sehemu inayorukwa mno.

Mwanagenzi_Wodi: Asanteni sana. Na kama kinachoshukiwa ni dawa?

Tabibu_Mzoefu: Tumia maswali 10 ya Naranjo, yanayopima kama dawa ndiyo iliyoleta madhara: alama 9 na zaidi ni hakika, 5 hadi 8 kuna uwezekano mkubwa, 1 hadi 4 inawezekana, 0 kushuka chini ni shaka. Andika tarehe ya kuanza dawa, ya dalili, ya kuacha na ya kupona, pamoja na dawa zote nyingine, za mitishamba zikiwemo. Swali moja linauliza kama dalili zilirudi dawa ilipotolewa tena, na jibu la ndiyo lina alama 2. Usimpe tena mgonjwa aliyebabuka ngozi na midomo ili tu upate alama hizo 2. Jaza 0 na utume taarifa. Barua ya daktari McBride wa Australia mwaka 1961, kuhusu thalidomide, dawa waliyopewa wajawazito, ilikuwa fupi mno, ikawauliza wasomaji kama nao wameona watoto wenye kasoro za namna hiyo.