Apasepsheni ya Leibniz: tuna neno letu au tukope tu?

Wakuu, kuna ubishi tumeuacha kiporo na jamaa yangu anayetafsiri makala za falsafa, naomba tuumalizie hapa. Yeye anasema apasepsheni iandikwe hivyohivyo maana Kiswahili hakina neno lake, mi nasema lipo ila tumelizoea mno.

Kwa wasiolijua, ni neno la Leibniz, yule mwanafalsafa Mjerumani, kwenye maandishi yake ya 1714 aliyoandika kwa Kifaransa. Kuna kitu cha nje kukuingia akilini, hiyo pasepsheni, afu kuna we mwenyewe kujua kwamba kimekuingia, hiyo ndo apasepsheni. Wafuasi wa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, wao wanasema kama hujui kwamba kimekuingia basi hakijakuingia.

Sasa juzi usiku nimelala, panga boi linanguruma (skurubu moja imelegea, kelele zake balaa), sa nane umeme ukakatika nikazinduka hapohapo. Nimeamshwa na nini? Na ukimya! Ina maana masikio yalikuwa yanalipokea panga boi muda wote ule ila mimi sina habari. Leibniz naye anamtaja mtu anayekaa jirani na kinu au maporomoko ya maji, kelele kazizoea mpaka hazimshtui, na ule mvumo wa bahari, kila wimbi lina kasauti kake usichoweza kukatenga, zikijumlishwa ndo unasikia bahari.

Jamaa akasema basi tuite utambuzi. Hapana bwana, utambuzi tumeshauchosha, maiti inatambuliwa, mwizi anatambuliwa, mpaka vitambulisho. Mwingine akaleta kusikia na kusikiliza, inavutia lakini inapwaya, kusikiliza ni kutega sikio na unaweza kusikiliza usisikie kitu. Ila kusikia chenyewe nakitaka kwa pasepsheni, maana kwetu sio cha masikio tu, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Kwa apasepsheni naweka kung'amua, ung'amuzi. Leibniz mwenyewe alilitoa kwenye kitenzi cha kawaida kabisa cha Kifaransa, wanachosema kila siku mtu akigundua kitu, sa sisi kwa nini tuvae suti?

NYONGEZA: aliyependekeza kujishtukia nimecheka sana lakini hapana, anayejishtukia ni yule anayedhani ukumbi mzima unamwangalia yeye. Na mnaosema huwezi kusikia kitu bila kujua umekisikia, hebu kumbukeni mama akikuita mara tatu we uko kwenye mpira, akija juu unamwambia "nilikuwa nasikia mama, ila sikung'amua kama ni mimi unaniita." Hakuna anayeona hiyo sentensi ya ajabu (kofi utakula lakini).

Aliyemleta Kant, mwanafalsafa mwingine Mjerumani, ndo kanibana. Kwake, 1787, apasepsheni inakuwa ile "mimi nafikiri" ambayo lazima iweze kuambatana na kila wazo langu, na hapo ung'amuzi nakiri hautoshi. Mwenye neno alete.