Mrejesho: boga langu limeshika

Shukran sana wenzangu. Niliwauliza kwa nini maboga yangu ya mbegu ya Atlantic Giant (aina ya maboga makubwa mno), hapa Kisauni, Mombasa, yanageuka manjano na kudondoka yakiwa bado madogo. Mlisema ni kukosa uchavushaji, na kweli ndio. Sasa naamka mapema kabla jua halijawa kali, nachuma ua dume, nalitoa petali, kisha nalipaka chavua yake ua jike, lile lenye kiboga chini yake. Limeshika! Nimebakisha tunda moja tu kwenye mmea ili likue kubwa. Mengine nimeyakata huku roho ikiniuma. Kivuli cha makuti kimesaidia mno, maana joto letu si la Minnesota, Marekani, anakotoka mkulima wa maboga Travis Gienger, aliyepima boga la kilo 1,247 mwaka 2023. Chini nimelitandikia mchanga mkavu lisioze. Samadi niendelee kuongeza, ama niache?