Ushauri: Shamba la mlimani Lushoto, nitandaze majani bila kulima au nikatue kama kawaida?

Mpanda_Soni
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naombeni ushauri. Nina shamba la mahindi na maharage huku Lushoto, mteremko mkali. Siku hizi mvua za vuli zinakatika maharage yakiwa kwenye maua, yananyauka yote. Nasikia ukitandaza majani na kupanda kwenye vishimo bila kukatua shamba zima, unyevu unabaki. Ni kweli? Mvua ziko karibu, nijibuni mapema.

Jembe_Butu
Kutolima ni uvivu uliopewa jina la kitaalamu. Marehemu baba alikatua mara mbili kila msimu na tulishiba.

Mluguru_Asilia
Jembe, usiseme hivyo. Sisi Uluguru mkoloni alitulazimisha kuchimba matuta ya ngazi, mpaka mwaka 1955 zikatokea ghasia pale Matombo. Babu alikuwa akisimulia: udongo mbovu wa chini ukaletwa juu, mazao yakagoma. Mtu akiniambia nisifukue mlima, namsikiliza.

Mama_Fiwi
Mpanda, unabaki. Mimi niko Mlalo, natandaza mabua na alizeti pori. Saa saba mchana funua kidogo: udongo mweusi, wa baridi, unanata kidoleni. Sogea hatua moja palipo wazi, vumbi tupu. Jua halipigi udongo, na tone la mvua likianguka linavunjikia kwenye majani, maji yanazama taratibu. Ila mlimani matandazo yanaporomoka na mvua ya kwanza kama hakuna cha kuyazuia. Una miraba, yaani mistari ya majani ya kukinga udongo? Majani unatoa wapi?

Mpanda_Soni
Miraba ipo, ya majani ya Guatemala, ingawa mingine imekufa. Majani nimekata bondeni.

Mmatengo_Halisi
Njoo Mbinga uone ngoro. Tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha tunachimba udongo wa katikati na kuzifunika. Linabaki shimo, na kingo zake zinapandwa maharage, baadaye mahindi. Maji yanatulia shimoni, nyasi zinaozea chini. Mababu walifanya hivyo kabla ya semina zenu zote.

Mama_Fiwi
Mmatengo, ngoro ni kazi nzuri ila siyo alichouliza. Mpanda, umesema "nimekata". Kwa hiyo umeshaanza? Na shamba ni la nani?

Mpanda_Soni
Sawa, niseme. Shamba ni la mama mkwe. Yeye kila mwaka anataka lichomwe, likatuliwe, libaki jeupe. Alinipa hela ya vibarua wa kulima. Hela nimewalipa wakakata majani, na nusu ya shamba nimeshatandaza. Yuko Korogwe, hajui. Lakini sirudi nyuma, maana tukichoma tena udongo wote utaishia mtoni.

Jembe_Butu
Hahaha! Umekula hela ya mama mkwe na unataka tukusaidie kuficha!

Shekhe_Bonde
Kijana, hela ya mtu ni amana. Mpigie leo.

Mpelelezi_Tanga
Hii chai. Huyu ndiye aliyeleta uzi wa pikipiki ya mkopo Dodoma mwezi uliopita. Leo ana mama mkwe na mlima? Subirini, atatuuzia dawa ya magugu.

Jembe_Butu
Nilijua tu.

Mpanda_Soni
Pikipiki ni ya mdogo wangu, tunatumia akaunti moja. Siuzi dawa. Mngeona korongo lililochimbwa na maji katikati ya shamba masika yaliyopita, linanifika gotini na mizizi ya mahindi ikining'inia, msingeita chai.

Mluguru_Asilia
Mpelelezi, hata kama ni chai, jibu lina faida kwa wengine. Mpanda, dawa utaihitaji? Magugu ya msimu wa kwanza bila kulima si mchezo.

Mama_Fiwi
Ayang'oe kwa mkono na apande fiwi, jamii ya kunde, katikati ya mahindi, zitafunika udongo. Mpanda, sikiliza: hayo majani ya bondeni yalikuwa na mbegu? Kama yalishachanua, umepanda magugu mwenyewe, yatoe. Usirundike shinani mwa maharage, sota, wale viwavi wanaokata miche, na konokono watajificha humo. Ziba miraba iliyokufa kabla ya mvua. Kama chini pana gamba gumu la miaka ya jembe, chimba vishimo vyako mpaka ulivunje, weka samadi, funika. Na ile nusu nyingine ikatue kama mama anavyotaka.

Mpanda_Soni
Niikatue? Si nitakuwa nimeharibu nusu?

Mama_Fiwi
Utakuwa umetimiza nusu ya agizo lake, na mvua ikikatika atalinganisha mwenyewe. Katua kwa kukinga mteremko, usichome. Mpigie kabla majirani hawajampigia.

Mpanda_Soni
Wameshampigia. Kesho anapanda basi la asubuhi.

Mmatengo_Halisi
Mama Fiwi, mbegu za fiwi unauza?