Karanga zimeanza ukungu stoo, dawa ya mwarobaini au karafuu inasaidia?

Mkulima wa Kongwa: Habari za jioni wakuu. Nimevuna karanga magunia 14, bado zina maganda. Nilianika siku nne tu, mawingu yakatanda, nikaogopa mvua za mwisho nikazikusanya. Stoo yangu ni ya sakafu ya udongo na magunia yameegemea ukuta. Juzi nimefungua gunia la chini, nikatia mkono nikakuta joto na uvundo kama wa nguo iliyokunjwa mbichi. Nilipobangua, punje nyingine zimesinyaa na zina vumbi la kijani lenye umanjano.

Mama mkwe anasema tuchemshe majani ya mwarobaini, maji yakipoa tunyunyizie magunia yote. Jirani anasema unga wa karafuu. Lipi linafanya kazi? Mke wangu husaga karanga hizi kwenye uji wa lishe wa mtoto wetu, ana mwaka na miezi minne.

Mama Lishe: Baba, huo uji usimamishe leo hii. Mwaka 2016 hapa hapa Dodoma na jirani zetu Manyara sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (huo ukungu), iliua watu 20, wengi wakiwa watoto. Ile ilitokana na mahindi, lakini sumu ni hiyo hiyo. Mambo ya dawa mtaongea baadaye.

Stoo Kavu: Pole sana mkuu. Mama mkwe hajakosea kuhusu mti wenyewe. Maabara imeonyesha maji ya majani ya mwarobaini huzuia kuvu kutengeneza sumu, hata pale ambapo kuvu yenyewe inaendelea kuota. Ila kule wanapima kwa kipimo, kwenye chupa. Wewe una karanga ambazo tatizo lake ni unyevu, halafu unataka kuziongezea maji! Utazilisha kuvu. Ni kosa lile lile la kulowesha maganda ili yabanguke kwa urahisi.

La pili, hakuna jani linalotoa sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje. Dawa za mimea zikisaidia, zinasaidia karanga kavu na safi, kabla kuvu haijaota.

Anika upya juu ya turubai, usimwage chini kwenye udongo. Punje inatakiwa ifike unyevu wa asilimia 7 au chini yake. Kama huna kipimo, chukua karanga yenye ganda uitikise sikioni: iliyokauka inalia. Kisha weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Mpemba: Kuhusu karafuu, kinachopambana na kuvu ni yale mafuta yake, na kweli yana nguvu. Lakini ukinyunyiza unga juu ya gunia haufiki kila punje, na ukizidisha karanga zitanuka karafuu, mnunuzi atazikataa. Mimi nisingeitegemea kwa magunia 14.

Mkulima wa Kongwa: Nashukuru. Na hizi zilizooza, nikizikaanga sana? Au niwape kuku?

Stoo Kavu: Kukaanga kunapunguza kiasi tu, sumu haiondoki yote. Kuku na mbuzi inawadhuru vilevile, na mbuzi anayenyonyesha anaitoa kwenye maziwa. Usikamue mafuta pia. Chambua ukiwa nje, umefunika pua na mdomo. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, maana sumu nyingi imo humo. Hizo fukia. Zinazobaki peleka sampuli ikapimwe, kwa kuwa sumu haionekani wala hainuki. Mtoto msimpe hata moja mpaka majibu yatoke.

Mkulima wa Kongwa: Wakuu, leo asubuhi mtoto amekunywa uji bila karanga. Magunia matatu ya chini nimeyatenga chini ya mwembe, mengine 11 yako juani kwenye turubai tangu saa mbili. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayegeuza. Sasa hivi nimechukua moja nikaitikisa sikioni, bado hailii.