Mzanzibari anayesoma Marekani aombe wapi ufadhili wa kutafiti Kimakunduchi?

Mzawa wa Kusini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Mzanzibari, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamivu katika isimu kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Nataka kukaa Makunduchi, kusini mwa Unguja, miezi kumi nikirekodi lahaja yetu ya Kiswahili kama wazee wanavyoizungumza wao kwa wao shambani, pwani na msibani, kwa sababu sisi watoto wao tulipoingia skuli tulihimizwa tuseme Kiswahili cha vitabuni, na Kimakunduchi kikabaki barazani. Nilipoona matangazo ya ufadhili wa serikali ya Marekani wa FLAS, Boren na Fulbright-Hays kwa wanaosoma lugha za Kiafrika na kutafiti nje ya Marekani, nilidhani nimefika, lakini ofisi ya chuo imenijibu kwamba siruhusiwi kuomba hata mmoja. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu wa hali yangu aelekee wapi?

Mhadhiri Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Ni kweli. FLAS na ruzuku ya tasnifu ya Fulbright-Hays hutolewa kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, na Boren ni ya raia peke yao, tena mpokeaji hufungwa na sharti la kuitumikia serikali ya nchi hiyo kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Asili ya FLAS ni sheria ya mwaka 1958, iliyopitishwa baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, wakati Wamarekani walipoona kwamba hawana wataalamu wa kutosha wa lugha za mataifa mengine. Kwa hiyo hata ungekuwa na ukaazi wa kudumu, FLAS isingekulipia kusoma lugha uliyozaliwa nayo. Ungeweza kuomba kusoma Kizulu au Kihausa, lakini Kiswahili hapana.

Jambo hili limeniuma kwa miaka mingi, kwa kuwa nimewaona vijana wenye masikio ambayo hakuna darasa linaloweza kuyatengeneza wakirudi nyuma baada ya kusoma masharti ya kwanza tu. Usikate tamaa. Fedha za kujifunza lugha hazikukusudiwa wewe, lakini za kuitafiti na kuihifadhi ziko wazi kwako, na huko ndiko uelekeze nguvu.

Dada wa Uwandani

Shikamoo Mwalimu. Naongezea aliposema "kuitafiti na kuihifadhi". Mpango wa ELDP, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya kuhifadhi lugha zilizo hatarini na ambao sasa uko Berlin, haubagui uraia, na rekodi zake huwekwa katika hifadhi ya kidijitali iitwayo ELAR. Wakfu wa Wenner-Gren, unaofadhili utafiti wa anthropolojia, nao hutoa ruzuku ya utafiti wa tasnifu ya hadi dola 25,000 kwa wanafunzi wa uzamivu wa taifa lolote, ila itakubidi uoneshe kwamba swali lako ni la anthropolojia pia: nani anakitumia Kimakunduchi, kwa nani, na kwa nini kijana anakiacha anapofika mjini.

Kwa ELDP, jiandae kwa swali moja gumu: Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji, sasa hatari iko wapi? Usilijibu kwa kulalamika. Eleza kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na kwamba nguvu za sanifu hiyo ndizo zinazoibana lahaja ya kusini mwa kisiwa kilekile. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limekwisha kutoa kamusi ya lahaja hiyo, nawe uitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Kamusi huhifadhi maneno, ilhali wewe unatafuta mazungumzo yenyewe, yaani mabishano, mizaha, na namna mzee anavyokatiza kauli ya mwenziwe.

Kuhusu bajeti, nilikosea mwenyewe katika ruzuku yangu ya kwanza. Niliweka fedha za kinasa sauti na nauli, nikasahau kwamba saa moja ya mazungumzo huweza kuhitaji makumi ya saa za kunukuu na kutafsiri, na waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana wa kijiji waliostahili ujira wa haki. Nililazimika kupunguza rekodi ili niwalipe.

Mzawa wa Kusini

Nawashukuru sana, Mwalimu na Dada. Nimebakiwa na swali la kibali cha utafiti: kwa kuwa mimi ni mwenyeji, bado nahitaji?

Dada wa Uwandani

Usianze bila kibali. Zanzibar ina utaratibu wake, mbali na ule wa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Bara, kwa hiyo ulizia Unguja moja kwa moja, na mapema. Chuo chako nacho kitataka kamati ya maadili ipitishe utafiti kabla fedha hazijaachiliwa. Zaidi ya hayo, muone afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kukata tiketi, kwa sababu mwenye F-1 akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi mitano bila kuendelea kusajiliwa kama mwanafunzi, hadhi yake ya viza huweza kupotea, nawe unapanga miezi kumi. Ukiweza, pangilia tarehe zako uwepo Makunduchi mwezi Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kwani waliohamia mjini hurudi nyumbani na utawasikia wakizungumza na wazee wao.